Hotuba ya Nakuru Nyumbani Kwetu

Jumatano, 14 Agosti 1963
Kupukuchua mahindi tangu asubuhi. Vidole vinawaka. Baba bado hataki wazazi wa Makokha waje kuniposa. Babake Makokha alikuwa askari wa chifu, na zamani alimchapa Baba viboko barazani, watu wote wakitazama. Namwelewa Baba. Lakini si Makokha aliyeshika kiboko.

Jioni redio ya dukani ilitoa hotuba ya Waziri Mkuu kwa walowezi kule Nakuru. Tusameheane, tukae, tulime pamoja. Nilirudi mbio kumwambia Baba.

Alhamisi, 15 Agosti
Baba kasema hotuba ile ni ya Wazungu. Wasikimbie na matrekta yao, basi. "Wewe mwalimu, nionyeshe mahali ametaja huyo askari. Kiboko mimi nakumbukanga."

Darasani nawauliza watoto kila mara: msemaji anakusudia nini? Leo ningepata sifuri. Nimekasirika hadi nimeunguza obusuma, ugali wa jioni.

Jumapili, 18 Agosti
Nimemsomea Baba hotuba gazetini. Mara mbili. Nikamwambia Waziri Mkuu alikuwa akisema na sisi pia. Akacheka. Ati mimi nataka mume, ndiyo maana nasikia harusi kila mahali. Nusu ni kweli. Nimelia nyuma ya ghala. Makokha naye atachoka kungoja.

Jumanne, 20 Agosti
Baba hakula mchana. Alishinda akitengeneza ua peke yake. Kisha akaja jikoni, jambo asilolifanya kamwe.

"Huyo mtu Wazungu walimfunga miaka mingi," akasema. "Angeanza na marafiki zake, tungesema ni rahisi." Akasukuma kuni motoni. "Nafikiri alitaka tumwone akianza pale pagumu."

Niliogopa hata kukohoa. Akasema nimpelekee Makokha habari: Jumamosi waje.

Jumamosi, 24 Agosti
Walikuja. Mama alipika ingokho, yule jogoo mwekundu. Firigisi hapa nyumbani ni ya Baba. Hata mjomba hajawahi kuionja. Baba aliitoa kwenye bakuli, akaiweka kwenye sahani ya babake Makokha, watu wote wakitazama.

Mzee aliinama juu ya sahani kwa muda. Meno yake yamebaki machache. Akatafuna polepole, machozi yakimtoka, nasi tukamngoja amalize.