Ameamka, Ameenda Kukamua

Chelang'at,

Nimeharibu. Naanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ungenikatiza uniulize mama yako anaendeleaje, na jibu ni kwamba tangu Jumapili mama yako, Kogo wetu sote, hajaweka kitu mdomoni ila chai ya rangi. Ni mimi niliyemfanya hivyo.

Unakumbuka ulichoniambia wodini. Hukuniomba maombi, hukuniachia maneno makubwa. Ulisema tu, "Wangari, usiache mama akae nyumbani Jumapili. Mpeleke video." Nikakubali haraka haraka, kama mtu anayeombwa chumvi, kwa sababu nilidhani Ijumaa ungeruhusiwa kutoka. Hukutoka. Sasa ni wiki ya saba, nyasi zimeanza kuota juu yako pale mwisho wa shamba la chai, na ahadi moja uliyoniachia nimeishika vibaya.

Wiki zote hizo Kogo alikataa kutoka. Jumapili baada ya kanisa nikamkuta mlangoni, amevaa lile gauni la kijani nililomshonea, fimbo mkononi. Akasema, "Twende." Nikamshukuru Mungu, nikamshika mkono, tukashuka hadi sokoni Boito.

Banda la video la Baba Njoki ungeliona ungesikitika. Vijana siku hizi wanaangalia picha kwa simu, kila mtu na yake. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Benchi letu la tatu lilikuwa tupu. Kogo akaketi katikati kama zamani, mimi kulia kwake, na kushoto, upande wa sikio lake zuri, hakukuwa na mtu. Ikabidi nihamie kwako. Nilijiona kama mwizi.

Macho ya mama yako yalipozimika, kila mtu alidhani mambo ya video yameisha kwake. Wewe ukakataa. Ukawa unamnong'oneza kila kitu: nani ameingia, amevaa nini, amekasirika kweli au anajifanya. Watu walinung'unika mwanzoni, halafu wale vijana wa bodaboda wa benchi la nyuma wakaanza kusogea mbele wakusikilize wewe. Siku ile mvua ya mawe ilipopiga mabati hadi hatukusikia neno hata moja kutoka kwa televisheni, hukunyamaza. Ulijitungia picha yako mwenyewe, na mvua ilipokatika tukakuta yule uliyekwisha kumwoza yuko jela.

Na vile tulivyobishana. Mimi ni mtu wa ngumi, nitakufa hivyo. Picha ya ngumi haikuzungushi: mtu amekosea, anapigwa, mnarudi nyumbani. Wewe ulitaka za familia, mama mkwe mbaya na binti anayelia kwenye ngazi. Nikakwambia ni hizo nyumba zenye ngazi ndani zinazoleta taabu, sisi kwetu hata pa kuanguka hakuna. Ulicheka mpaka Baba Njoki akatugeukia.

Lakini kuna kitu kimoja sikukubali kamwe. Hukuacha mtu afe kwenye picha. Nimezaliwa hapa hapa Boito, Kipsigis, lugha yenu, nasikia, kwa hivyo nilikuwa nakusikia. Mtu amepigwa risasi katikati ya jiji, amelala barabarani, na wewe sikioni mwa mama yako: "Ameamka. Ameenda kukamua." Jambazi mwenye suti nyeupe, ameenda kukamua ng'ombe. Bibi harusi aliyezama mtoni, naye ameenda kukamua. Nilikusema hata mbele ya watu, pale kituo cha kuuzia chai tukingoja lori. Nikasema unamdanganya mama yako kama mtoto mdogo, ana haki ya kujua picha ilivyo. Uliendelea kutoa majani magumu kwenye gunia lako.

Basi Jumapili Baba Njoki akaweka ile ya dada wawili. Ile yako. Sikufikiria kinachokuja mbele, nilikuwa nahangaika na maneno, maana Kipsigis changu ni cha sokoni na nusu nilikuwa namwambia kwa Kiswahili. Picha ikafika hospitalini. Mdogo amelala, mkubwa amemshika vidole. Na huu mdomo wangu usio na breki ukasema kile macho yaliona.

"Amekufa, Kogo. Wamemfunika shuka."

Kogo akainua mkono akanifunika mdomo. Hakunipiga. Aliweka kiganja tu, kinanukia moshi na maziwa, akakiacha hapo mpaka picha ikaisha. Nikamwona yule dada mkubwa akienda peke yake kwenye ule ukumbi mrefu wa hospitali, nikakuona wewe chini ya shuka lenye mistari ya buluu, nikataka kupiga mayowe banda zima linisikie. Mkono wa mama yako ulikuwa mdomoni mwangu.

Tulipofika langoni kwenu akasimama.

"Wewe unafikiri sikuwa najua?" akasema. "Macho ndio iliisha, sio masikio. Nasikia watu wakilia. Nasikia hiyo muziki yao. Wote walikufa, nilijua."

Nikamuuliza basi kwa nini alikubali kudanganywa miaka yote hiyo.

"Ni yeye hakuwa anaweza kusema mtu amekufa. Tangu baba yake aende. Nilimwacha aseme, ndio alale vizuri."

Chela, mimi nilidhani ni wewe unayembeba. Kumbe ni yeye. Na nilikusema mbele ya watu, na sina tena mahali pa kukuomba msamaha ila karatasi hii.

Kisha akageuza uso upande wa zizi. Ilikuwa saa kumi, ng'ombe walishaanza kulia. Akauliza polepole, "Na Chelang'at?"

Nilijua anachotaka. Ni maneno matatu. Mimi ninayemwambia mteja usoni kwamba kitambaa chake hakitoshi tumbo lake, nilisimama pale nikashindwa na maneno matatu. Nikalia. Halafu nikasema, "Amekufa, Kogo," kana kwamba hatukukuzika pamoja. Akaingia ndani, na tangu hapo hajala.

Nimempelekea uji, ameugeuzia mgongo. Nimempelekea mursik, maziwa yenu ya kibuyu, ameyasukuma. Anakonda nikiona. Cherehani nimeifunika, maana juzi nilishona gauni la mtu mikono yote miwili ya upande mmoja. Sijui nifanye nini, na wa kumuuliza ulikuwa wewe. Nina hasira na wewe, acha niseme. Umeniachia kazi ya uongo na unajua siiwezi. Mama yako akinifia mikononi nitakuja kukwambia nini? Ungebaki. Hata ungebaki mgonjwa, unong'oneze ukiwa umelala, ningekubeba mgongoni mpaka kwa Baba Njoki.

Leo jirani anayewakamua ng'ombe wako amesafiri, nikaingia zizini mimi. Yule mwekundu alinipiga teke mara mbili. Maziwa yalipoanza kugonga ndoo nikasikia kigoda kikisogezwa ndani, halafu fimbo, halafu nikamwona Kogo mlangoni, sikio lake zuri limeelekea kwangu. Nikaacha kukamua. Akabaki amesimama. Nikaanza tena, na uso wake ukalegea kidogo, nikaona ni kitu gani alichokuwa anangoja: sauti ya maziwa ndooni, kama vile unakamua wewe.

Baadaye, aliporudi ndani, nikajaribu kumwambia ng'ombe. Ameamka. Ameenda kukamua. Sauti ilitoka mbaya, lakini ilitoka.

Kwa hivyo nakuahidi hivi, na safari hii sijibu haraka. Kesho saa kumi nitaketi kushoto kwake nimwambie hayo maneno matatu kwa Kipsigis, kama ulivyokuwa unayasema. Halafu nitachukua ndoo niende zizini, aisikie. Atajua ni mimi. Nakamua vibaya na kila mtu anajua. Jumapili nitampeleka video, na yeyote atakayekufa huko atakuja kwetu kukamua.

Lala sasa, Chela. Ndoo nimeshaiosha.

Wangari wako