Mji Usiodaiwa na Mtu

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. Vipi hali yako na baridi ya huko? Mgongo je, umepona au bado unaukanda mwenyewe? Shemeji na watoto nao hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila Mama miguu inamsumbua. Hataki hospitali, anasema daktari atampa vidonge na mawaidha, na mawaidha anayo ya kutosha.

Mdogo wetu amepata kazi kwenye duka la vioo. Wiki ya kwanza kavunja viwili. Tunamwombea.

Kaka, kilichonifanya nishike kalamu ni ule mji wa pembezoni ulikojenga nyumba yako. Unajua kazi yangu: mji ukitaka kuuza hatifungani, yaani kukopa kwa umma, sisi ndio tunaopima kama unakopesheka, tuupe daraja. Wanunuzi wengi ni mifuko ya pensheni, jasho la walimu na wauguzi. Ukikosea daraja, unamkosesha mzee wa watu chakula.

Basi mji wenu unataka mkopo wa miaka ishirini wa kujenga mtambo mpya wa maji. Deni litalipwa kwa bili za maji. Mweka hazina wa manispaa, mtu mpole mwenye tai fupi, alinifungulia majalada akitabasamu. "Hapa hatuna mdaiwa sugu hata wa dawa," alisema. Kweli, kila nyumba inalipa, tena tarehe ileile, miaka tisa mfululizo. Nikaomba kuwaona walipaji wenyewe. Tabasamu likamfifia.

Asubuhi ya saa mbili nilizunguka mitaa na fundi bomba anayesoma mita. Lami safi, mageti yamepakwa rangi. Nilibisha nyumba kumi na nne. Hakuna aliyeitika. Majani yameota kwenye bawaba za milango. Shule ina madawati yanayong'aa na walimu watatu waliokaa kivulini. Mwanafunzi hakuna hata mmoja. Wenye nyumba wote ni kama wewe, Kaka: wako mbali, walijenga kwa ajili ya uzeeni, na benki zinawalipia bili kila mwezi bila wao kuuliza.

Hilo ningelielewa. Lakini mita zilikuwa zinazunguka.

Nilimwambia fundi kwamba bila shaka mabomba yanavuja. Akatikisa kichwa.

"Bomba likivuja, dada, linavuja kutwa kucha. Haya yanaanza saa kumi na mbili asubuhi, yanapumzika saa tatu, yanarudi jioni. Hivyo ndivyo watu wanavyooga."

Kwako nilikuwa na ufunguo wa Mama. Fundi alibaki getini. "Mimi ni wa mita tu," alisema. "Ndani si kazini kwangu." Nikaingia peke yangu. Vumbi sebuleni lilikuwa nene kama unga, na nyayo zilikuwa zangu tu. Nilifuata korido. Vumbi lilikoma mlangoni mwa bafu. Sakafu ya humo ilikuwa imelowa, na ukutani maji yalikuwa bado yanachuruzika, kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Bomba lilikuwa limefungwa, limekazwa. Sikukimbia, ila sikumbuki nilivyofika barabarani.

Ofisini mkuu wangu alitaka niandike kuna uvujaji, tuwape daraja la juu, kwani vitabu vyao ni safi kuliko vyetu. Nilimuuliza ni uvujaji gani unaojua saa. Akasema nisimletee ushirikina kazini. Nikaandika nililoweza kulisimamia: kwamba mji huu unalipiwa na watu wanaozeeka mbali, kwamba hauna mtoto hata mmoja, na kwamba wanaotumia maji hawakuweza kuthibitishwa. Tulibishana siku tatu, nikijua kibarua changu kinaweza kuota nyasi. Mwishowe kamati ilikubaliana na mimi. Daraja la chini kabisa. Mji ukaondoa ombi lake.

Nilidhani mweka hazina atanitukana. Alinipigia simu kunishukuru. "Mimi mwenyewe nilihama pale mwaka juzi," alisema kwa sauti ndogo. "Mita yangu bado inasoma. Tena zaidi kuliko nilipokuwepo."

Nilimsimulia Mama nikitaraji anicheke. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Nyumba ikikosa mwenyewe, hujitafutia."

Kaka, ama uiuze ama uje uishi ndani yake. Hivi ilivyo, sivyo. Ukiamua kuja, usije peke yako. Na ukifika mlangoni, hata kama ni kwako na ufunguo unao mkononi, piga hodi kwanza. Usubiri kidogo kabla ya kuingia.

Mama anakusalimu sana, anauliza lini. Shangazi wa dukani naye anakusalimu, na Mdogo pia, mikono ikiwa na plasta. Nibusie kifungua mimba na kitinda mimba wako. Mola akufunike na heri, wewe na wote ulalao nao chini ya paa moja.

Dada yako akupendaye,
Kidawa cha Maswali