Nta ya Pasheni na Mkono Wenye Haya

Mama,

Pasheni bado zipo. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula.

Baba mdogo alitaka kuzing'oa apande viazi. Siku hizi biashara ruksa, malori ya Dar yanafika mpaka huku Kinyala, lakini tangu uondoke hakuna aliyezipaka nta, zikawa zinafika kule zimekunjamana. "Dar hawanunui sura za wazee," alisema. Hakusema kwa ubaya. Akatuachia mzigo mmoja wa mwisho: Mzee Salehe wa Makandana, mwenye lori, akiukubali, mipasheni inabaki. Akiukataa, panga.

Nikatoa sufuria yako ndogo. Nikayeyusha nta ya nyuki kwenye mafuta ya alizeti, nikapaka kwa kitambaa chako. Nilipaka nene, Mama, nikarudia, zikang'aa kama viatu vya mchungaji. Nilidhani nene ndiyo inalinda. Msibani sikulia, shangazi walinisema sana. Labda nilikuwa nalilia kwenye kile kitambaa. Sijui.

Nikaziweka stoo nizione kwanza. Baada ya siku kadhaa Lugano akakata moja, jikoni kote kukanuka pombe. "Dada, umefungua kilabu!" Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaanza kunoa panga.

Shuleni tulisoma kwamba tunda likishachumwa bado linapumua. Kwenye mtihani nililiandika, nikapata vema. Kumbe nililijua kwa Kiingereza tu. Nilikuwa nimeziziba pumzi.

Hapo ndipo nikakukumbuka vizuri. Nilipokuwa mdogo, wageni wakija nilijificha nyuma ya pipa, shangazi wakanicheka. Wewe ukanivuta stoo, ukanipa kitambaa. "Mwacheni. Huyu ana mkono wenye haya, na nta inataka mkono wa hivyo. Gusa, halafu futa kama hukugusa."

Nikachuma nyingine. Nikagusa, nikafuta. Hata hazikung'aa.

Nikampelekea Mzee Salehe, akakaa nazo dukani kwake wiki nzima aone kama zitakunjamana. Nilipokwenda akachukua moja, akaibonyeza, akaizungusha kwenye mwanga. "Hizi kapaka mama yako?" Kisha akakumbuka, akatazama pembeni. "Nisamehe, binti yangu." Nilitaka kusema ni mimi. Nikainamia matenga badala yake. Akaagiza yapakiwe, yote.

Panga sasa linakatia majani ya ng'ombe.

Mzee Salehe bado hajui ni nani aliyezipaka. Lori likirudi nitamwambia ni mimi, nitasema mpaka asikie na aliyeko nje. Nakuahidi hilo. Mkono nitauacha na haya yake.

Ndaga, asante, Mama. Pumzika.

Atupele wako