Waliomvusha Neema

Jumapili, Rubondo

Karatasi za uongo! Ndivyo barua ya viza ilivyosema. Neema amekataliwa kwenda Kanada kwa baba yake, mdogo wangu, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinamtaja mdogo wangu na marehemu mkewe, lakini kadi ya posho tuliyopewa Base Camp, makao makuu ya kambi hii ya wakimbizi, inasema ni mtoto wa Mama Riziki.

Uongo gani? Mama yake alijifungua njiani wakati wa kukimbia vita, akafa. Mama Riziki akavuka mpaka na mtoto mgongoni. Karani wa kuandikisha wakimbizi alipouliza ni wa nani, akajibu ni wake. Angesema nini? Mimi nilikuwa bado sijafika.

Leo baada ya ibada avoka, yaani wakili wetu kutoka Mbarara, aliomba shahidi mmoja wa kuzaliwa kwa Neema. Mama Riziki akasimama. Nyuma yake mama mwingine: "Miye njo nilimukata kitovu." Mwingine tena: "Miye nilimunyonyesha pamoja na wangu."

Halafu akasimama Mzee Bahati, jirani yangu, ambaye tunagombania mpaka wa shamba tangu nifike hapa.

"Kwenye muto, kabla ya mupaka, mayi ilikuwa mingi," akasema. "Nilimuvukisha ndani ya beseni, juu ya kichwa."

Avoka aliacha kuandika. Neema alimkodolea mzee macho kama mtu asiyemjua. Na mimi pia.

Sijui kama ubalozi utaamini. Ninachowaza ni kwamba miaka yote hii ya matusi, mzee angeweza kunifunga mdomo kwa neno hilo moja. Hata juzi, nilipong'oa muhogo wake, alinyamaza.