Kaseti Sita Zisizo na Karatasi

Lengijave, 4 Februari 2024

Mwanangu Lesikar,

Salamu nyingi zikufikie hapo Elerai. Sisi huku hatujambo. Yule ng'ombe mweusi kazaa jike, na baridi ya mlimani imetuachia kidogo. Wewe u mzima? Kile kikohozi kimekwisha?

Nimekupigia simu mara tatu na kila mara nasikia mlio wa nyuki tu, kwa hiyo naandika. Daktari wa masikio amesema la kushoto limeshakufa na la kulia linafuata. Sikumlilia. Nimefundisha kwaya miaka thelathini, nimeyatumia vya kutosha. Lakini kabla la kulia halijafunga nataka kumsikia mama yenu.

Elifuraha anayeleta maziwa Levolosi atakupa barua hii pamoja na sanduku. Ndani mna kaseti arobaini na moja. Redio yangu siku hizi inazitafuna, na mbuzi ana huruma kuliko yenyewe. Wewe mtu wa mjini unayajua mambo haya. Zihamishe zote, kisha unichagulie mashine ya kukaa nazo na kuzipiga hapa nyumbani. Itumie sola, na isinilazimishe kutafuta miwani.

Ubaki salama.

Baba yako


Elerai, 25 Februari 2024

Baba shikamoo,

Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Pole na sikio. Msalimie Nice akija, mwambie mdogo wake anachapa kazi.

Sanduku limefika. Nimempata Oscar, fundi wa redio hapa mtaani, ndiye anayehamisha. Kadhaa zilikuwa zimepasuka maganda, lakini jamaa ana akili: anautoa utepe wake na kuuvalisha ganda zima la kaseti nyingine, kisha anapiga huku kompyuta inarekodi. Ile kwaya ya Krismasi ya 1988 imetoka safi, mpaka kukohoa kwa watu kunasikika! Bila shaka Mama yumo kwenye sauti ya kwanza pale.

Kuhusu mashine, nimezunguka mjini Jumamosi nzima. Kuna redio ya flash, rahisi, ila flash yenyewe ni kama ukucha, utaipoteza kwenye mfuko wa koti. Kuna spika inayosikiliza simu, lakini simu yako unaijua mwenyewe. Tatu ni kisanduku chenye diski ndani, kinatunza nyimbo zote na kuzipiga kwenye spika kubwa. Hicho ndicho nakipenda. Krunal mwenye duka, ambaye babu yake aliuza redio humo humo, ameniambia, "Lesikar bwana, usiweke muziki sehemu moja tu. Diski ikifa utalia. Fanya kopi mbili." Nitafanya tatu.

Mwanao,
Lesikar


Lengijave, 10 Machi 2024

Mwanangu Lesikar,

Marahaba. Tu wazima, tunashukuru Mungu. Nice amefika na watoto, wamenimalizia ndizi.

Chagua hicho kisanduku, lakini mwambie huyo Krunal nataka kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti, basi. Vingine awawekee vijana.

Nimecheka uliposema mama yako yumo kwenye sauti ya kwanza. Hakuwahi kuimba kwaya hata siku moja. Nilimbembeleza mimi, mwalimu wa kwaya, akakataa kata kata kusimama mbele za watu. Aliimba jikoni na alipokamua. Basi mimi nikawa naiweka redio dirishani na kumrekodi kimya kimya. Sikulaumu kwa kutojua, ulikuwa na miaka minne alipotutoka.

Ndizo zile sita ambazo hazina karatasi. Karatasi zilikuwepo, niliandika jina lake kwa mwandiko wangu mzuri. Wiki ile tuliyomzika nilizibandua zote. Unajua kwetu aliyetangulia hatumtaji jina, na mimi sikuweza kulala nyumba moja na jina lile limeandikwa. Nyingine zote zina maandishi, kwa hiyo huwezi kuzikosea. Hizo sita anza nazo, au maliza nazo, mradi ziwe vizuri.

Baba yako


Elerai, 28 Aprili 2024

Baba shikamoo,

Natumaini u mzima na mvua haikuharibu barabara sana. Samahani kwa kukaa kimya. Kazi zimekuwa nyingi.

Kuhusu mashine, nimefikiri upya. Kile kisanduku kizuri, lakini kuna kingine ambacho diski yake haina sehemu zinazozunguka, kwa hiyo hata kikianguka hakiumii. Halafu kuna suala la jinsi ya kuzitunza nyimbo. Ukizibana zinachukua nafasi ndogo ila zinapoteza utamu, na usipozibana zinabaki kama zilivyo. Krunal anasema tusizibane. Pia kuna spika za mbao na za plastiki, na za mbao zinapendeza zaidi kwa sauti za kwaya, hasa besi. Tena lazima tuangalie betri ya sola inabeba kiasi gani. Nadhani tusiwe na haraka.

Nitaandika tena.

Lesikar


Lengijave, 5 Mei 2024

Lesikar,

Hatujambo. Umeniandikia mbao, plastiki, betri na besi. Umeniandikia hata Krunal anachofikiri. Kuhusu mama yako hakuna hata mstari mmoja.

Mimi nimelea watoto na nimelea kwaya, najua mtu anavyoimba kwa nguvu akiwa amesahau maneno. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema.

Baba yako


Elerai, 19 Mei 2024

Baba shikamoo,

Sijui nianzie wapi. Mwandiko utauona mwenyewe.

Kaseti za Mama hazipo. Yale maganda mazima ambayo Oscar alivalisha kaseti zako zilizopasuka yalitoka kwenye zile sita. Hazikuwa na maandishi, nikadhani ni tupu, nikamruhusu azifungue. Tepe zake alizitoa akazitupa, na taka zao huchomwa kila wiki. Barua yako ya Machi ilipofika nilikimbia kwake. Tulipekua mpaka jalalani, mimi na yeye, watu wakituangalia. Hatukupata hata kipande. Kwaya yako ya 1988 imepona ndani ya ganda la Mama.

Ile barua ya Aprili niliiandika kwa woga. Nilikuwa nataka uendelee kungoja kwa sababu wakati unangoja ulikuwa bado hujajua. Naona aibu kuliko nilivyowahi kuona tangu nizaliwe.

Mashine nampa Elifuraha aje nayo. Ni ile ya vitufe viwili. Ina kaseti thelathini na tano. Sistahili kuileta mwenyewe.

Mwanao


Lengijave, 2 Juni 2024

Mwanangu Lesikar,

Salamu. Afya yangu nzuri, ila nimechelewa kujibu kwa kuwa siku tisa za kwanza nilikuwa na hasira, na barua ya hasira huwa naichana.

Sasa zimekwisha. Nimejiuliza nani alibandua karatasi, nikajikuta ni mimi. Nani alipeleka sanduku bila kusema kilichomo, ni mimi pia. Nilitaka ulijue jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Mtu hawezi kutofautisha kaseti tupu na isiyo tupu kwa macho. Kwa hiyo usijitese, kosa hili nalibeba mimi.

Nice aliuliza, nikamwambia nilizipoteza mwenyewe, kwamba niliziacha juani zikayeyuka. Amelia sana na amenigombeza mbele ya watoto, lakini ataacha. Wewe usimwambie vingine.

Mashine inafanya kazi vizuri. Besi ya mzee Elimringi wa kwaya inatetemesha vikombe kabatini. Njoo ule, umekonda mpaka kwenye mwandiko.

Baba yako


Elerai, 7 Julai 2024

Baba shikamoo,

Sikuuliza hali yako kwenye simu juzi kwa sababu nilipoisikia sauti yako nilishindwa, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri tu. Nisamehe na hilo.

Nice amenipigia pia. Alisema, "Mzee wetu anazeeka vibaya, sauti ya Mama yote kaiyeyusha juani, na wala hajali." Nami nikamsikiliza dakika kumi nzima nikisema "pole dada, pole dada." Baada ya hapo sikula siku mbili. Umebeba mzigo wangu na sasa unatukanwa kwa ajili yangu, na mzigo wenyewe hujaonyeshwa wote. Ulisema mtu hawezi kujua kaseti isiyo tupu kwa macho. Ni kweli kwa macho.

Baba, nilisikiliza.

Oscar ni fundi mwaminifu. Hakukubali kufungua kitu bila kukijaribu. Aliitia moja kwenye redio, akaniita nisikie. Alikuwa mwanamke anaimba kwa Kimaa chetu, taratibu, bila ngoma wala kinanda, na ndoo inagongwa gongwa. Hakuwa kwenye kwaya yoyote. Sikuijua ile sauti. Nilidhani ni jirani fulani, au mtu aliyekuwa akijaribu redio. Nilikuwa nimesimama karibu na Mama yangu kama nilivyo karibu na karatasi hii, na nikamwona ni mtu baki.

Halafu karibu kabisa na redio mtoto akaanza kulia. Alilia kwa nguvu, kilio kile cha kukera, na yule mwanamke akaacha wimbo akawa anamnyamazisha. Mimi nikasema, "Aa, zima bwana." Oscar akauliza, "Kaka, kwa hiyo hizi hamna kitu?" Nikamwambia hamna kitu, vunja tu.

Nimehesabu miaka. Wakati ule Nice alikuwa ameshaanza shule, mchana nyumbani palibaki mtoto mmoja. Aliyekuwa analia pale ni mimi.

Jumapili nakuja Lengijave. Nimemwita na Nice, sijamwambia ni kwa nini. Nitasema mbele yenu wote wawili, na wewe usinitetee. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikishamaliza.

Aliacha kuimba ili aninyamazishe mimi, Baba, na mimi nikamzima.

Mwanao,
Lesikar