Tundu la Kisogoni

Juba, Jumanne, Machi 2008

Joto la leo linaweza kuivisha ugali bila moto, na bado ndani yangu kunawaka zaidi. Nimekasirika. Acha niseme kabla sijapasuka.

Mnaosoma hapa mnajua nina binti daktari. Kama hujui, basi leo ndiyo mara yako ya kwanza kupita hapa. Keji wangu, niliyemlea ukimbizini Kitale nikifua nguo za watu, ndiye daktari wa kwanza katika ukoo mzima. Mimi niliishia darasa la sita, lakini tumbo langu lilifika chuo kikuu.

Sasa. Kamanda wetu wa vita vya kwanza, yule tunayemwimba harusini na matangani, alizikwa porini alikoanguka. Kwa kuwa amani imekuja, ukoo wake umemfukua ili Jumamosi wamzike kwao Rejaf kwa heshima. Wakamwomba Keji aitazame mifupa na kuandika karatasi. Wimbo unasema risasi ilimpata kifuani akiwavamia adui.

Keji hakuona alama ya risasi kwenye ubavu hata mmoja. Liko tundu kichwani. Alinieleza kwa kibuyu: ukikipigilia msumari, unapoingilia tundu ni dogo, safi, unapotokea panamegeka. Kisogoni ni dogo. Kwenye paji la uso pamemegeka.

Alipigwa kutoka nyuma.

Nami nilikosa, nakiri. Kwetu habari ya mifupa huisikia kwanza wajomba wa marehemu. Mimi Jumapili nikaketi kwa mama chai pale Malakia, nikajisifu jinsi binti yangu anavyosoma mifupa kama gazeti. Na kisogo nikakitaja. Jana wajomba wakayasikia sokoni kama watu baki. Aibu hiyo ni yangu.

Lakini leo asubuhi Mzee Ladu, msemaji wao, kaingia uani kwangu, hata chai akaikataa.

"Mama Keji, mwambie mtoto aandike kifuani. Khalas."

"Na hili tundu la kisogoni, Mzee, nilizibe na nini? Udongo?"

"Mdomo huo! Nani atamwoa binti wa mama kama wewe?"

Walai! Mikono ya Keji iliyomzalisha mkwe wake mwezi uliopita, leo ndiyo imekosa mume?

Keji hakupiga kelele kama mimi. Alisema tu, "Mama, nikiandika uongo huu, nani ataniamini nikimwambia mtoto wake ana malaria?"

Kesho nakwenda Rejaf na mbuzi wa kuomba radhi. Kosa la ulimi wangu nitalibeba. Karatasi haiguswi.

Ila kuna jambo limenikaa kooni tangu Mzee aondoke. Miaka yote, kwenye kila kilio, hujisifu kwamba siku kamanda alipoanguka, yeye alikuwa hatua mbili nyuma yake.

Nimwulize mbele ya wajomba, au nifunge mdomo huu, mara moja maishani?