Kimulimuli Amerudi, na Baba Pia

Alhamisi. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri na hadi sasa, magharibi imeshapita, bado inanyesha. Bonde la Jangwani limejaa maji, barabara imefungwa, viatu vyangu vimelowa hadi ndani, na mimi nina hasira tangu Jumatatu. Wanaosema hasira hasara waje wakae nilipokaa mimi siku hizi nne, halafu tuongee.

Nianze na hasira ndogo, maana hiyo ni rahisi kuiandika.

Wanaonifuata humu wanajua kwamba nasoma Warithi. Kwa mgeni: ni komiki ya kila mwezi kuhusu vijana wanne waliorithi majina na mavazi ya mashujaa wakubwa wa mji wao. Tunaisoma kwenye simu, mimi na rafiki zangu Frida na Zuu, na tuna kundi la kugombana kuhusu kila ukurasa. Wangu mimi ni Dalia, msichana wa miaka kumi na tisa aliyemrithi Kimulimuli, shujaa aliyekuwa akitoa mwanga viganjani. Kimulimuli alipotelea vitani. Dalia akavaa barakoa yake na koti lake refu, akaingia kazini kimyakimya, na mji mzima ukaamini ni Kimulimuli yuleyule. Nimemfuata tangu toleo la kwanza. Amevunjika mbavu, amefeli mtihani, ameachwa na mchumba kwa sababu hawezi kueleza jioni huwa anakwenda wapi. Hakuna mtu hata mmoja mtaani kwao anayejua kazi anayoifanya.

Jumatatu toleo jipya likatoka. Kimulimuli yu hai. Amerudi. Ukurasa wa tatu, Dalia anavua barakoa na kumkabidhi.

Ukurasa wa tatu! Hata chai yangu ilikuwa haijapoa.

Ukurasa wa tano watu wamejaa uwanjani wanapiga kelele, Kimulimuli, Kimulimuli, mkono wako haujachoka! Na Dalia yuko nyuma kabisa ya umati. Mnajua anafanya nini? Anapiga makofi. Nilituma ujumbe mrefu kwenye kundi hadi Frida akaniuliza kama namwandikia mbunge. Zuu akasema, "Somoe, tulia, ni katuni tu." Zuu naye nina hasira naye.

Sasa ile kubwa.

Baba yangu ni fundi wa cherehani. Sisemi mshonaji. Yeye anatengeneza cherehani zenyewe, zikigoma, zikiruka mishono, zikikata uzi. Pale Gerezani tulipo, kati ya wauza vipuri na wachomeleaji, ukiuliza Mzee Sindano utaonyeshwa na mtoto wa darasa la pili. Ana utaratibu wake wa miaka yote: cherehani ikipona, anaweka pembeni mwa bamba la chini nukta ya rangi ya kijani, ndogo, kama punje ya dengu. Ile nukta ndiyo neno lake. Ikirudi na nukta ndani ya miezi mitatu, anaitengeneza bure bila swali. Kuna washonaji ambao kabla ya kubeba mashine yao wanainama kwanza kuitazama nukta.

Miaka miwili iliyopita alipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Mimi nilikuwa nimekaa naye pale karakana tangu nimalize kidato cha nne, nikishika bisibisi, kisha nikifungua, kisha nikifunga peke yangu huku yeye akinywa kahawa. Nikachukua kiti. Sikuogopa kazi. Kazi naijua.

Wiki ya kwanza tu, mteja wa kwanza aliniona nimekaa, akageuza mkokoteni na mashine yake juu. "Nitasubiri mzee apone." Wa pili hivyohivyo. Wa tatu nikamwambia, bila hata kupanga, "Mzee ataipitia nyumbani jioni." Akaiacha. Nikaitengeneza, nikaweka nukta ya kijani. Kesho yake akainama, akaiona, akacheka kwa furaha. "Mzee bado yumo!"

Basi nikaendelea kusema hivyo, miaka miwili.

Tena niungame hapa, nimalize. Mara tatu nilibeba kichwa cha cherehani, kile chuma chote, kwenye mfuko wa salfeti hadi nyumbani Magomeni, nikakilaza sebuleni, asubuhi nikakirudisha Gerezani bila kukifungua. Nilifanya hivyo ili majirani wa karakana waone kinaondoka na kinarudi. Mgongo uliniuma wiki nzima. Nikajiona mjanja sana.

Jumatatu hiyohiyo ya toleo jipya, baba alivaa kanzu yake ya kazini, ile yenye madoa ya mafuta mfukoni, akasema twende. Daktari alikuwa amemruhusu kutembea mbali zaidi ya msikiti wa mtaani. Sikufikiri kwamba kutembea maana yake ni kuja kukaa kwenye kiti changu. Alikaa. Mimi nikavuta ndoo, nikaigeuza, nikaikalia.

Watu walikuja kama harusini. Shikamoo mzee, marahaba, pole mzee, nishapoa. Wananipita mimi na ndoo yangu wanamshika mkono. "Kumbe ulikuwa unatutengenezea huku unaumwa! Mungu akupe nini tena?" Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nafungua skrubu. Jumanne hivyo. Jumatano hivyo. Jumatano mmoja alinituma nikamletee mzee maji ya kunywa, na mikono yangu yote miwili ilikuwa ndani ya mashine yake.

Leo imekuwa mbaya zaidi.

Jana nilimaliza cherehani ya umeme ya Mama Upendo. Ni mteja wetu wa Buguruni, anashona sare za shule, na shule zinafungua Jumatatu, kwa hiyo kila siku kwake ni siku. Niliijaribu juu ya kitambaa chembamba, juu ya jinzi, juu ya jinzi iliyokunjwa mara nne. Ilishona kama imetoka dukani. Nukta tu ndiyo sikuwa nimeiweka. Leo asubuhi nikatoka kwenda kutafuta sindano Kariakoo, na kwa mvua hii nilizunguka na matope hadi magotini, nikachelewa saa nzima. Niliporudi Mama Upendo ameshafika, ameketi, ana kipande cha sare mkononi anataka kujaribu kabla ya kubeba.

Akakanyaga. Mashine ikaruka mishono mitatu, ikalia, sindano ikakatika. Kipande cha sindano kikaruka na kugonga bati.

Nikatazama chini. Bamba lilikuwa limefunguliwa. Bisibisi ya baba ilikuwa juu ya meza, upande wa kushoto, maana siku hizi anatumia mkono wa kushoto. Ilinichukua sekunde mbili kuelewa. Nilipokuwa sokoni, alikuwa ameifungua mashine iliyopona na kuigusa ile ndoano inayokamata uzi chini. Ile haitaki mchezo. Ikisogea unene wa ukucha, kazi yote imeharibika.

Mama Upendo hakukasirika hata. Alicheka, akanigeukia mimi. "Mwanangu, hii umeishika wewe, eeh? Sasa si umwachie mzee jamani."

Nikamtazama baba.

Baba alikuwa anatazama mvua.

Kama angesema neno moja, moja tu, nisingekuwa naandika haya. Na mimi mdomo ukafunguka, sikuuzuia, na sijui kama ningeweza kuuzuia.

"Mama, hii kaishika mzee," nikasema. "Mimi nilishaimaliza jana. Na ile ya mwezi wa Ramadhani nilitengeneza mimi. Na zile mbili za mwaka jana mimi. Zako zote, mama. Kabla ya leo mzee hajashika mashine yoyote miaka miwili, mkono wake haushiki. Nukta naweka mimi."

Mchomeleaji wa jirani alizima moto wake kusikiliza.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nilikuwa nimeiota hiyo siku. Katika ndoto zangu mteja hufungua mdomo, kisha hunishika mkono na kusema kumbe fundi ni wewe. Mama Upendo alinitazama, akamtazama baba, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo mlikuwa mnanidanganya. Wewe na baba yako."

Wewe na baba yako! Wakati baba sikuwahi kumwambia chochote.

Niliitengeneza ile mashine mbele yake kwa dakika ishirini. Ikashona vizuri, nikaweka nukta. Akaikagua mshono kwa mshono, akamwita mbeba mzigo, akaondoka. Hakuinama kutazama nukta. Hakumuaga baba.

Saa tisa tulifunga, mvua haikuwa na dalili. Mabasi ya mwendokasi hayapiti Jangwani, kwa hiyo tukapanda bajaji ya kuzunguka Kigogo, mimi na yeye, magoti yanagusana, turubai linatupiga usoni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba nzima. Nilikuwa namngoja aanze kwa kunigombeza kwamba nimemvunjia heshima mbele ya watu, nami nimwambie yangu kuanzia ndoo hadi maji ya kunywa.

Alikohoa. Akasema, "Mimi sikujua kama nimeiharibu. Nilijua nilipoiona sindano."

Nikalivuta turubai upande wangu.

"Nilitaka kusema ni mimi. Ulimi ukawa mzito. Nikaona aibu, Somoe."

Hasira yangu ilikuwa haijapata pa kushukia.

Ndipo akasema lile. Alisema kila Ijumaa, wakitoka msikitini, kuna mtu anamshika mkono na kumwambia mzee, mkono wako haujazeeka. Mwanzo alidhani wanamfariji mgonjwa. Baadaye wakaanza kutaja mashine, moja moja, kwa jina. Ya fulani ilikuwa inakata uzi, ya fulani ilikuwa inaruka, Mungu akulipe.

"Nikajua unawaambia ni mimi," akasema. "Sikukuuliza, nilijua una sababu. Lakini mimi maisha yangu sijala sifa ya mtu mwingine. Kila Ijumaa nalishwa. Nikasema niende, hata moja tu niitengeneze kwa mkono wangu, ili nikishukuriwa iwe kweli."

Dereva wa bajaji aliongeza mwendo kwenye dimbwi na maji yakaturukia wote wawili.

Kwa hiyo alikuwa anajua siku zote. Alikuja kwa ajili ya mashine moja. Na aliichagua ile ya jana kwa sababu ilikuwa karibu kwenye meza, na kwa kuwa haikuwa na nukta alidhani bado haijaisha.

Nina hasira, sijasema imeondoka. Nina hasira na yule aliyenituma maji. Nina hasira na yule wa kwanza aliyegeuza mkokoteni, na kama anasoma hapa basi ajue. Nina hasira na baba kwa zile sekunde alizotazama mvua. Hizo hazifutiki kwa maneno ya kwenye bajaji. Lakini nikitafuta ni nani aliyenivika jina la mtu mwingine miaka miwili, simpati mwingine. Hakuna aliyenilazimisha. Nilivaa mwenyewe, kila asubuhi, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kubishana na wateja mmoja mmoja hadi wanizoee.

Nimefungua tena ule ukurasa wa tano. Nilitaka kuona Kimulimuli alikuwa na uso gani wakati mji unamshangilia kwa kazi ya Dalia. Wamemchora kwa nyuma. Koti tu na kisogo. Watu wameandika hadithi nzima ya kurudi kwake na hawakujali kumuuliza anajisikiaje. Nilitaka kuwatukana kwenye kundi, nikaanza kuandika, kisha nikafuta. Mimi naishi na baba nyumba moja na sikumuuliza.

Kesho mteja wa kwanza akiniuliza mzee yuko wapi, nitamjibu ukweli. Mzee amestaafu, fundi ni mimi. Anayetaka kugeuza mkokoteni ageuze. Nimeijaribu hiyo sentensi hapa chumbani, mlango umefungwa, mara tatu. "Fundi ni mimi" inatoka vizuri, tena kwa sauti. Neno la kwanza ndilo linalonikwama. Amestaafu. Maana hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwenyewe. Siku ile nachukua kiti nilimwambia, "Mpaka upone, baba."

Yuko sebuleni na mama, wanasikiliza taarifa ya habari. Nimesimama mara mbili niende kumwambia. Mara mbili nimerudi, nimekaa, nimeendelea kuandika, na sasa sina kitu kingine cha kuandika.